Haki za raia na mipaka ya dola katika Katiba ya Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyasikia vibarazani, kwenye matatu, na zaidi kwenye mabenchi ya vituo vya polisi, ambako kwa miaka kadhaa nimekuwa nikifuatana na watu waliokuja kutafuta jamaa zao. Majibu yametoka kwenye Katiba ya mwaka 2010, sheria zilizotungwa chini yake na hukumu za mahakama. Utaona neno moja likijirudia: sababu. Katiba yetu humdai mwenye mamlaka sababu kila anapotaka kukugusa. Anayekukamata aitaje, anayekunyima huduma aiandike, anayepunguza haki yako aithibitishe mbele ya jaji. Wewe hudaiwi maelezo ya kwa nini uko huru.

Haki hizi nilipewa na nani? Aliyenipa hawezi kuninyang'anya?

Hukupewa na serikali. Kifungu cha 19 kinasema wazi kwamba haki ni za kila mtu kwa utu wake, wala si zawadi ya dola. Kifungu cha 1 kinaanzia mbali zaidi: mamlaka yote ni ya wananchi, na Bunge, serikali na mahakama vimekabidhiwa tu viyatumie kwa niaba yao. Katiba yenyewe tuliipitisha kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, ikazinduliwa rasmi tarehe 27 mwezi huohuo.

Kama unashangaa kwa nini imeandikwa kwa ukali, waulize waliokuwa watu wazima miaka ya 1980. Mtu aliweza kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, kwa saini ya waziri. Mwaka 1982 kifungu cha 2A cha Katiba ya zamani kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, mwaka 1988 majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi yao, na chini ya jumba la Nyayo House jijini Nairobi watu wakateswa katika vyumba vilivyojazwa maji. Baadhi yao walikuja kulipwa fidia kwa amri ya Mahakama Kuu zaidi ya miaka 20 baadaye. Kila mstari wa Kifungu cha 49, nitakachokieleza hapa chini, umelipiwa na mtu fulani.

Lazima niwe raia ndipo nilindwe?

Kwa sehemu kubwa, la. Panapoandikwa "kila mtu", mkimbizi, mtalii na mfanyabiashara mgeni wote wamo: kutoteswa, kufikishwa mahakamani, faragha, kukusanyika. Haki za raia peke yake ni chache, kama kupiga kura na kugombea uongozi, kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na kuingia nchini na kuishi popote.

Nimekamatwa. Nina haki gani tangu dakika ile ya kwanza?

Uliza kwa sauti tulivu: "Afande, nakamatwa kwa kosa gani?" Kifungu cha 49 kinamlazimu afisa akuambie sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Akuambie pia kwamba una haki ya kunyamaza, na kwamba usiponyamaza kuna matokeo yake. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye unahitaji msaada wake. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha ukiri jambo litakalotumiwa dhidi yako. Wala usitiwe chumba kimoja na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa.

Kunyamaza si kiburi. Tumelelewa kuona kwamba asiyejibu ana hatia, kwa hiyo mtu hujieleza, akaongeza neno hili na lile, na siku ya kesi maneno yake yanasomwa kortini yakiwa mafupi na makali kuliko alivyoyasema. Taja jina lako, sema unataka kuwasiliana na wakili au jamaa, kisha nyamaza. Usitie saini karatasi usiyoisoma. Kama imeandikwa kwa lugha usiyoijua, sema hivyo na uiache mezani.

Usipigane wala usikimbie, hata kama kukamatwa kwenyewe ni kwa uonevu. Uonevu utaujibu mbele ya hakimu. Purukushani itawapa kosa la pili la kukushtaki nalo.

Jamaa anayekutafuta aende kwenye kaunta ya kituo, aulize kama jina lako limo kwenye OB, yaani kile kitabu cha matukio, na aombe nambari. Namkumbuka mama mmoja aliyefika alfajiri akiwa ameandika jina kamili la mwanawe kwenye kiganja cha mkono kwa kalamu ya wino, asije akakosea hata herufi. "Mwanangu, waambie waniangalizie tu," akaniambia. Askari wa zamu alisema hakuna mtu kama huyo. Tukamwomba, "Afande, tuangalizie tena kuanzia jana jioni." Akafungua kitabu, akashuka na kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, na jina likawepo, herufi moja imekosewa, saa mbili na robo usiku. Mama akaketi chini palepale sakafuni. Lakini kuanzia hapo tulikuwa na saa ya kuhesabia, na kituo hakikuweza tena kusema hakimjui.

Saa 24 zinahesabiwaje?

Kuanzia kukamatwa, si kuanzia kuandikwa kwenye OB. Ukikamatwa saa kumi jioni ukazungushwa kwenye gari hadi usiku, saa hizo zimo ndani ya hesabu.

Katiba inataka ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Haraka iwezekanavyo ndiyo kanuni. Saa 24 ni ukingo tu. Zikiisha wakati mahakama imefungwa, au siku isiyo ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hapo ndipo penye mtego wa Ijumaa. Mtu akikamatwa Ijumaa alasiri, saa zake zinaishia Jumamosi, na mahakama hukaa Jumatatu. Analala selo siku tatu kwa jambo ambalo pengine lingeisha kwa onyo. Kwa hesabu ya kalenda sheria haijavunjwa. Kwangu mimi, ikifanywa kwa makusudi ni dhuluma, na wala si lazima iwe hivyo: mkuu wa kituo, yaani OCS, anaweza kumwachilia mtu kwa dhamana ya polisi Jumamosi hiyohiyo. Mwombeni, na akikataa, mwombeni sababu.

Mbele ya hakimu lazima lifanyike moja kati ya matatu: usomewe mashtaka, uelezwe kwa nini unaendelea kuzuiliwa, au uachiliwe. Polisi wakitaka siku zaidi za uchunguzi, waombe na waeleze. Nawe una haki ya kupinga ombi hilo hata kama huna wakili. Nyanyua mkono, useme.

Dhamana ni haki au ni hisani?

Ni haki, hata kwa anayeshtakiwa kwa mauaji. Inaweza kunyimwa tu pakiwa na sababu nzito, kwa mfano kwamba mshtakiwa atatoroka au atawatisha mashahidi, na ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuzionyesha. Masharti nayo yawe ya kadiri. Dhamana ya mamilioni kwa mchuuzi wa mboga ni kumnyima kwa njia nyingine. Kama adhabu ya kosa lenyewe ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, Katiba inakataza mtu kutupwa rumande.

Pesa ya dhamana ni amana. Dai risiti yenye kiasi kilekile ulichotoa, uitunze, kwa kuwa pesa hiyo hurudishwa kesi ikiisha ikiwa ulihudhuria. Pesa iliyotolewa kituoni bila risiti ni hongo hata ikiitwa dhamana, na kuidai ni kosa la jinai.

Na mtoto akikamatwa?

Kifungu cha 53 kinasema mtoto asizuiliwe isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana, na kwa muda mfupi kabisa, mbali na watu wazima. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa hatia ya jinai.

Polisi wanaweza kuingia kwangu, au kufungua simu yangu?

Kifungu cha 31 kinalinda mwili wako, nyumba yako, mali yako na mawasiliano yako. Kwa kawaida polisi waje na hati ya upekuzi kutoka mahakamani. Omba uione, uisome: inataja nyumba gani na wanatafuta nini. Kuna hali ambazo sheria inaruhusu kuingia bila hati, hasa pale ambapo kusubiri kungefanya ushahidi upotee, lakini afisa bado atatakiwa kueleza baadaye kwa nini hakusubiri. Mwanamke apekuliwe na mwanamke, kwa staha. Hilo limo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai tangu zamani. Kila kinachochukuliwa kiandikwe, na uombe nakala ya orodha hiyo.

Simu siku hizi ni nyumba ndani ya nyumba. Humo mna barua zako, pesa zako, picha za watoto, daktari wako. Kuchukua simu ni jambo moja, na kupekua yaliyomo ni jambo jingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamtaka mpelelezi aiombe mahakama hati kwa ajili ya data. Una haki ya kukataa kutaja nambari ya siri, kwa maneno mepesi: "Sikubali ipekuliwe bila hati ya mahakama." Usiizuie kwa nguvu. Ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki zako unaweza kutupwa nje chini ya Kifungu cha 50, ikiwa kuutumia kungeharibu haki ya kesi.

Nahitaji kibali cha polisi ili niandamane?

Huhitaji. Unachotakiwa kufanya ni kutoa taarifa. Tofauti hii ndogo ya maneno imewagharimu watu wengi. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi ampe mkuu wa kituo taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Afisa anaweza kukwambia kwamba pahali hapo, saa hiyo, kuna mkutano mwingine uliotangulia kuarifiwa. Hawezi kukukatalia kwa sababu hapendi mnachokidai. Ukipeleka barua, nenda na nakala mbili na uombe yako ipigwe muhuri.

Anayerusha mawe amejitoa kwenye ulinzi wa Kifungu cha 37, lakini amejitoa yeye. Hakuwatoa wenzake waliokuwa wakiimba na kupuliza filimbi.

Askari anaruhusiwa kutumia nguvu kiasi gani?

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema aanze kwanza na njia zisizo za nguvu. Zikishindwa, nguvu iwe ya kadiri ya hatari iliyopo. Bunduki ni ya pale ambapo njia pungufu hazitoshi, kama vile kuokoa maisha yaliyo hatarini papo hapo. Aliyejeruhiwa apewe matibabu, na jamaa zake waarifiwe. Afisa aliyevaa sare awe na jina au nambari yake ya kazi ikionekana. Kisha kuna mstari ninaotamani kila askari aukariri: kutumwa na mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Tarehe 25 Juni 2024 watu waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha waliuawa kwa risasi. Kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada ule. Mswada ulirudi, waliozikwa hawakurudi. Ndiyo maana swali la nguvu kiasi gani halipaswi kuachiwa wanasheria peke yao.

Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na hayalipiwi. Andika tarehe, saa, mahali, nambari ya afisa au ya gari, na majina ya mashahidi. Kama umeumia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Maandishi ya daktari husema hata shahidi anapoogopa.

Nimemkosoa kiongozi mtandaoni. Naweza kushtakiwa?

Kumkosoa si kosa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kikitumiwa kuwakamata wanablogu kwa "matumizi mabaya ya kifaa cha mawasiliano", kwa sababu maneno yake yalikuwa mapana mno mtu asijue kosa linaanzia wapi. Mwaka 2017 ikafuta kosa la jinai la kuharibia mtu jina, na mwaka huohuo ikafuta kosa la kudunisha mamlaka ya afisa wa umma. Aliyeharibiwa jina bado anaweza kukushtaki kwa madai na kutaka fidia, kwa hiyo usiandike jambo usiloweza kulithibitisha. Na Kifungu cha 33 hakilindi uchochezi wa vita au wa ghasia, wala matamshi ya chuki. Wakenya tuliopitia ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008, tunajua kwa nini.

Basi ni lini serikali inaweza kupunguza haki yangu kihalali?

Swali hili ndilo kitovu cha ukurasa huu wote, na jibu limo Kifungu cha 24. Haki inaweza kupunguzwa kwa sheria tu, si kwa tangazo la redioni wala agizo la mdomo. Tena sheria hiyo iwe ya kadiri na yenye kukubalika katika jamii iliyo huru na ya kidemokrasia. Mahakama hupima: haki yenyewe ni ipi, shabaha ya kuipunguza ina uzito gani, kizuizi kinafika wapi, na je, shabaha ileile isingefikiwa kwa njia isiyoumiza hivyo? Mzigo wa kuthibitisha yote hayo uko kwa serikali. Watu wengi huenda mahakamani wakidhani wao ndio watakaoeleza kwa nini wanastahili haki. Wewe ukishaonyesha kwamba imeguswa, anayesimama kujieleza ni aliyeigusa.

Mfano mzuri ni sheria za usalama za Desemba 2014, zilizopitishwa haraka Bungeni katikati ya vurugu, baada ya mashambulizi ya kigaidi. Hofu ilikuwa ya kweli, watu walikuwa wameuawa. Hata hivyo, Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vifungu vinane, kikiwemo kilichoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini na kilichobana vyombo vya habari. Mahakama haikusema ugaidi ni jambo dogo. Ilisema kupambana nao si ruhusa ya kuiweka Katiba kando.

Kuna haki zisizopunguzwa kamwe?

Nne, Kifungu cha 25: kutoteswa wala kutendewa kikatili au kwa kudhalilishwa; kutofanywa mtumwa; kusikilizwa kesi kwa haki; na ile amri ya mahakama ya kuwataka waliomshika mtu wamlete mbele ya jaji, ambayo mawakili huiita hebiasi kopasi. Mtu wako akichukuliwa na gari lisilojulikana na kila kituo kikasema hakimjui, hiyo ndiyo amri ya kukimbilia. Usingoje saa 24 ziishe ndipo umtafute wakili.

Na hali ya hatari ikitangazwa?

Tangazo hudumu siku zisizozidi 14. Kuliongeza kunahitaji kura za thuluthi mbili za wabunge wote wa Bunge la Taifa mara ya kwanza, na robo tatu mara zinazofuata, kwa muda usiozidi miezi miwili kila mara. Mahakama ya Juu inaweza kuamua kama tangazo lenyewe ni halali. Zile nne za Kifungu cha 25 hubaki palepale.

Ofisi ya serikali imeninyima leseni bila maelezo. Nifanyeje?

Andika barua uombe sababu kwa maandishi, ukitaja Kifungu cha 47 na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015. Uamuzi wa ofisi ya umma uwe wa haraka, wa halali, na uliokupa nafasi ya kusikilizwa. Ukitaka nyaraka, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Nimeona barua ya mistari mitano ikifungua faili lililokuwa "limepotea" miezi minane.

Tinga limekuja kubomoa nyumba zetu.

Hata anayekaa kwenye ardhi isiyo yake ana haki ya ilani. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka ilani ya miezi isiyopungua 3, na aliyepewa ilani anaweza kuipinga mahakamani. Mwezi Januari 2021 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambao nyumba zao zilibomolewa mwaka 2011. Karibu miaka 10 ya kungoja. Ilishikilia kwamba haki ya makao ni haki ya kweli inayoweza kudaiwa kortini. Kwa hiyo siku mnayopata ilani, au mnayoona watu wanapima ardhi bila kusema lolote, ndiyo siku ya kwenda kortini kuomba amri ya kuzuia. Nyumba ikishaanguka, mahakama haina uwezo wa kuisimamisha tena.

Haki hizi zinambana mwajiri wangu, au hospitali binafsi?

Ndiyo. Kifungu cha 20 kinasema zinawabana watu wote pamoja na dola. Hospitali yoyote inakatazwa kumnyima mtu matibabu ya dharura.

Sina pesa za wakili. Mlango wa mahakama si umefungwa?

Haujafungwa. Kifungu cha 22 kinakataza kutozwa ada ya kuanzisha kesi ya haki za kikatiba, na kinamruhusu mtu ashtaki kwa niaba ya mwingine asiyeweza, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Kanuni za 2013 zinaruhusu mahakama ipokee hata barua ya kawaida au maelezo ya mdomo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 iliwekwa kwa ajili ya wasio na uwezo, na mshtakiwa wa jinai anaweza kupewa wakili na serikali pale ambapo kukosa wakili kungemletea dhuluma kubwa.

Barua iwe fupi. Weka jina lako na mahali unapopatikana, kilichotokea, tarehe na saa, nani alifanya, nambari ya OB kama ipo, na unachoomba mahakama iamuru. Kifungu kitaje kama unakijua. Kama hukijui, eleza tukio jinsi lilivyotokea, na karani wa mahakama aipige muhuri nakala yako kabla hujaondoka.